Januari ya siku 38: jibu kwa dada wa Tabata kuhusu likizo, sikukuu na mshahara

"Shikamoo mzee. Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda kidogo hapa Dar es Salaam, naishi Tabata. Kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, mshahara wa msingi 780,000, mkononi napata kama 645,000. Mwaka wangu wa likizo unaisha mwishoni mwa Februari; kati ya siku 28 nimebakiwa na 25 baada ya ruhusa ya siku 3 Julai. Krismasi hii ya 2026 nataka kwenda na wanangu wawili kwa mama, Rombo. Mwenzangu kazini ananishauri nianze likizo Jumatatu ya Desemba 21 ili Krismasi, Boxing Day na Mwaka Mpya viwe ndani ya likizo, eti hapo naongezewa siku. Kodi ya nyumba ya miezi 6, shilingi 480,000, inatakiwa Januari 31. Mkubwa amemaliza la saba, anaanza kidato cha kwanza. Kikoba chetu tunavunja katikati ya Desemba, nategemea 700,000. Kila mwaka Januari nakopa. Bosi naye ameniuliza kama naweza kuingia kazini Desemba 9. Nipangeje?"

Marahaba, dada. Umefanya vizuri kuuliza Oktoba. Miaka yangu mingi nimekaa upande wa mishahara, na maswali kama lako huwa yananifikia Januari 15, wakati ambapo hakuna tena cha kupanga. Nitaanza na likizo, kwa sababu mwenzako amekudanganya bila kukusudia, na kosa lake nimeliona kwa watu wengi wenye akili zao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 31, inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Neno la kulishika hapo ni "mfululizo". Kifungu hichohicho kinasema siku hizo zinajumuisha sikukuu yoyote itakayoangukia ndani yake. Jumamosi zinahesabiwa, Jumapili zinahesabiwa, Krismasi inahesabiwa. Kwa hiyo sikukuu iliyo katikati ya likizo yako haikuongezei kitu. Ungeipumzika bure hata kama usingeomba likizo, sasa umeilipia kwa siku yako mwenyewe.

Ushauri wa mwenzako unatoka mbali kidogo. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Ajira ya 2007 inahesabu siku 21 za kazi, si siku za kalenda, kwa hiyo mtu wa Nairobi anayezungushia likizo yake kwenye sikukuu anapata faida ya kweli. Hata sikukuu ikiangukia Jumapili, wenzetu wanapumzika Jumatatu. Kwetu haiko hivyo: Muungano wa mwaka huu uliangukia Jumapili na Jumatatu yake tuliamkia kazini, na Nanenane ikamezwa na Jumamosi. Ujanja unaosambaa kwenye simu za watu wa "chukua siku 4 upate siku 9" mara nyingi umeandikwa kwa nchi ya watu wengine. Wapo waajiri wa hapa wanaohesabu siku za kazi kwa mkataba, na kama mkataba wako unasema hivyo, shukuru na uufuate huo. Ila umenitajia siku 28 kwa mwaka na ukaniambia umebakiwa na 25 baada ya ruhusa ya siku 3 Julai, kwa hiyo nachukulia kiwanda chako kinafuata hesabu ya sheria.

Sikukuu inamfaidisha mtu wa likizo ya mfululizo pale tu inapokaa pembeni ya likizo, siku moja kabla haijaanza au siku moja baada ya kwisha. Hapo ndipo pa kuitafuta. Sasa fungua kalenda tuitazame pamoja.

Krismasi 2026 ni Ijumaa. Boxing Day Jumamosi, Jumapili inafuata. Siku 3 hizo ni zako tayari. Mwaka Mpya 2027 ni Ijumaa tena, na Jumamosi na Jumapili nyuma yake. Mapinduzi, Januari 12, ni Jumanne. Ukianza likizo Desemba 21 kama ulivyoshauriwa na ukachukua siku 14, unamaliza Jumapili ya Januari 3. Ukiongeza Jumamosi na Jumapili zilizotangulia unapata siku 16 nje ya kazi, na Ijumaa mbili za sikukuu zimeliwa humo ndani.

Mimi ningekwenda hivi. Fanya kazi mpaka Alhamisi, Desemba 24. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zipumzike bure. Omba Jumatatu Desemba 28 hadi Alhamisi Desemba 31, siku 4. Januari 1 hadi 3 ni bure. Kisha omba Jumatatu Januari 4 hadi Jumatatu Januari 11, siku 8. Januari 12 ni Mapinduzi, bure. Unarudi kazini Jumatano, Januari 13. Umekatwa siku 12, umepumzika siku 19.

Najua swali linalofuata: je, nitakubaliwa kugawa vipande? Sheria yenyewe imeacha mlango. Inasema siku zile 28 zinaweza kupunguzwa kwa idadi ya siku za ruhusa yenye malipo ambazo mfanyakazi aliomba mwenyewe na mwajiri akampa katika mzunguko huo. Ile ruhusa yako ya Julai ilipita mlango huohuo. Kwa hiyo zile siku 4 za mwisho wa Desemba ziombe kama ruhusa, na zile 8 za Januari ziombe kama likizo. Mwajiri hana lazima ya kukubali. Akikataa, omba kipande kimoja, Desemba 28 hadi Januari 11: utakatwa siku 15 na utapumzika siku zilezile 19. Tofauti ni siku 3 tu, haistahili ugomvi na ofisi ya utumishi. Ningekuonya pia usifike mbali zaidi, ukakata hata wikiendi ya Januari 9 na 10 ili uokoe siku mbili nyingine. Afisa utumishi akiona fomu tatu kwa wiki mbili anajua unamtafutia mwanya, na mwakani utakapomhitaji kwa jambo la kweli hatakusikiliza.

Peleka maombi wiki hii. Mwajiri ndiye mwenye haki ya kupanga likizo iwe lini, mradi isipite miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, na kwako hiyo ni mwishoni mwa Agosti 2027. Watu wa stoo hawawezi kuondoka wote Desemba. Anayewahi kuandika ndiye anayewahi kupangwa. Andika pia nani atashika funguo na lini mtahesabu mali. Nimeona maombi mengi yakikataliwa kwa sababu hakuna aliyetajwa wa kushika nafasi, na bosi hakutaka kuumiza kichwa kumtafuta.

Nimekupangia ubaki nje ya kazi hadi Januari 12, lakini sikushauri ukae Rombo mpaka siku hiyo. Rudi Dar Jumatano, Januari 6. Wimbi la wanaoshuka kutoka Kilimanjaro huwa zito mara tu baada ya Mwaka Mpya, kwa hiyo ukingoja siku mbili tatu unasafiri kwa utulivu. Na jambo kubwa zaidi: una mtoto wa kidato cha kwanza, na shule huwa zinafunguliwa karibu na wiki ya pili ya Januari. Alhamisi ya tarehe 7, Ijumaa ya tarehe 8 na Jumatatu ya tarehe 11 ni siku za kazi kwa benki, kwa ofisi za serikali, kwa fundi wa sare na kwa shule. Kwako ni likizo. Mtu anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa hana siku nyingine za namna hiyo mwaka mzima, ndiyo maana namba ya NIDA inakaa miaka bila kurekebishwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinatafutwa usiku wa kuamkia kuripoti shule. Zigawe siku hizo 3 kabisa. Moja ya shule na vipimo vya sare, moja ya makaratasi ya serikali, moja ya benki na mwenye nyumba. Shule ikitangaza kufungua mapema zaidi, rudi mapema zaidi, mama ataelewa.

Kuhusu safari ya kwenda, umebanwa, nakubali. Ukitoka kazini Alhamisi jioni ya Desemba 24, njia iliyobaki ni basi la usiku. Tangu mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023 jambo hilo linawezekana: unapanda stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na asubuhi ya Krismasi uko Moshi. Lakini kutoka hapo kupitia Himo na Marangu hadi Rombo, asubuhi ya sikukuu, magari madogo ni ya kubahatisha na bei hupanda. Tafuta basi linalokwenda Rombo moja kwa moja, au mpigie dereva wa kule mkubaliane bei sasa. Watoto ningewatanguliza. Shule zikishafungwa Desemba, kama kuna mjomba au mama mdogo anayepanda katikati ya mwezi, waende naye. Nauli itakuwa na unafuu, viti vitapatikana, na wewe usiku ule utakuwa na begi moja badala ya watoto wawili wanaosinzia.

Tiketi zinunue Novemba, za kwenda na za kurudi, zenye jina lako na tarehe, kwenye ofisi ya basi au kwa tiketi mtandao. Mpiga debe wa Desemba 24 atakuuzia kiti ambacho mtu mwingine amekalia. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, imeweka ukomo wa nauli kwa kila njia na kila daraja la basi, na anayezidisha anashtakiwa, lakini utashtakije bila tiketi yenye kiasi halisi ulichotoa?

Sasa pesa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo unapoumia.

Umesema kila Januari unakopa. Niambie: Desemba kiwanda kinalipa lini? Nadhani ni kama waajiri wengi, kabla ya Krismasi. Tuchukue Novemba mnalipwa Ijumaa ya tarehe 27, Desemba mnalipwa Jumanne ya tarehe 22, Januari Ijumaa ya tarehe 29. Hesabu siku. Kutoka Novemba 27 mpaka Desemba 22 ni siku 25. Kutoka Desemba 22 mpaka Januari 29 ni siku 38. Mshahara ni uleule. Watu husema Januari ni ndefu kwa sababu ya ada na sare, na ada na sare ni kweli, lakini hata mtu asiye na mtoto anaishiwa Januari, na sababu ni hizo siku 13 za tofauti. Mshahara wa Desemba unafika wakati wa Novemba haujaisha vizuri, moyo unajiona tajiri, na nyama ya Krismasi inanunuliwa kwa pesa ya mchele wa Januari 20.

Dawa ninayoitumia ni kuichukua mishahara hiyo miwili kuwa mshahara mmoja wa siku 63. Nitakuja kwenye kiasi, ila kwanza tuondoe mizigo mikubwa.

Una kodi 480,000. Mahitaji ya kidato cha kwanza hukuyatajia kiasi. Shule ya serikali haina ada tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari, begi na michango ya chakula vipo palepale, na akipangiwa bweni kuna godoro, shuka, ndoo na tranka. Tuweke 350,000. Safari ya watu watatu kwenda na kurudi pamoja na vitu vya njiani tuweke 250,000. Jumla ni 1,080,000. Kikoba kinakupa 700,000. Pengo ni 380,000, na mbele yako kuna mishahara minne: Oktoba, Novemba, Desemba na Januari. Gawanya, ni 95,000 kwa kila mshahara. Itoe siku ileile mshahara unapoingia, uiweke mahali usipopafikia kwa kidole kimoja kwenye simu.

Mpangilio wa lini kipi kinalipwa ni muhimu kuliko jumla yenyewe. Siku mnayovunja kikoba, usirudi nyumbani na 700,000. Hiyo pesa ya kikoba ina tabia moja: ikilala kwako usiku mmoja, asubuhi inajulikana ukoo mzima. Siku hiyohiyo mpelekee mwenye nyumba 350,000 kama sehemu ya kodi ya kuanzia Februari, chukua risiti iliyoandikwa kwamba bado 130,000 utakayomalizia mwisho wa Januari. Wenye nyumba wengi hawatakataa pesa ya mapema. Ile 350,000 nyingine ni ya mtoto. Nunua Desemba vile ambavyo havitegemei shule atakayopangiwa: viatu vyeusi, madaftari, begi, kalamu. Sare na vya bweni subiri fomu ya kujiunga, maana kila shule ina rangi yake na masharti yake, na sketi isiyo sahihi hairudishwi dukani.

Safari ya 250,000 inatoka kwenye zile 95,000 za Oktoba, Novemba na Desemba, ambazo ni 285,000. Zinabaki 35,000. Ukiongeza 95,000 ya Januari 29, unapata 130,000 kamili ya mwenye nyumba. Ila angalia kalenda: Januari 30 na 31, 2027 ni Jumamosi na Jumapili. Mshahara ukichelewa Ijumaa jioni kwa sababu yoyote, utaupata Jumatatu, Februari 1, na kodi yako itakuwa imechelewa siku moja. Mwambie mwenye nyumba mapema, Desemba wakati unampa zile 350,000, tena iandikwe kwenye risiti kwamba malizio ni hadi Februari 2. Kuomba siku mbili ukiwa na pesa mkononi ni mazungumzo ya heshima. Kuziomba Januari 31 usiku ukiwa mikono mitupu hakuna heshima, kwako wala kwake.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuandaa orodha ya mishahara ya Desemba katika sehemu moja niliyofanyia kazi, tukaipeleka benki Alhamisi mchana, kesho yake ikiwa Krismasi. Tarakimu moja ya akaunti ya kijana mmoja ilikosewa. Pesa yake ilirudi, na hakukuwa na mtu wa kuirekebisha mpaka Jumatatu. Alikaa stendi na mke na mtoto mchanga. Tangu siku hiyo sijawahi kupanga malipo yoyote ya lazima yategemee siku ya mwisho kabla ya sikukuu, na nakuomba usipange. Hundi, fomu inayohitaji sahihi ya mtu wa tawi, marekebisho ya kosa, vyote hivyo husimama sikukuu hata kama simu yako inaendelea kutuma pesa usiku kucha.

Turudi kwenye siku 63. Ukishatoa 95,000, unabaki na 550,000 kwa mshahara. Miwili ni 1,100,000. Gawanya kwa 63, ni kama 17,460 kwa siku: chakula, daladala, umeme, gesi, kanisani, kila kitu. Kipimo chako kiwe kimoja, rahisi: asubuhi ya Desemba 22, kabla mshahara mpya haujaingia, ile pesa ya Novemba lazima iwe imebaki kama 113,000. Ikiwa imebaki 113,000, Januari yako imekwisha kupona. Ikiwa imebaki 20,000, umeshajua mapema kwamba Krismasi ipunguzwe, tena ukiwa bado na mwezi mzima wa kujirekebisha. Wengi hujipima Januari 10, hapo kinachosalia ni mkopo wa simu au yule mkopeshaji wa mtaani wa kausha damu, na riba yake unaijua.

Kuna jambo la sheria hapa ambalo nakushauri usilitumie. Mfanyakazi anayekwenda likizo anapaswa kulipwa ujira wa siku za likizo kabla hajaondoka. Ni haki nzuri, kwa mtu anayekwenda mbali mwezi mzima inamsaidia. Kwako, kuchukua Desemba ujira wa zile siku 8 za Januari ni kurefusha shimo lilelile: Januari 29 utapokea mshahara uliokatwa, wakati kodi inasubiri. Mwambie mhasibu mapema alipe kwa tarehe ya kawaida, na mwandikie kwamba umeomba mwenyewe.

Kitu kingine kidogo: kama una biashara pembeni, hata kibanda cha mdogo wako chenye namba yako ya mlipakodi, awamu ya nne ya kodi ya makadirio ni Desemba 31. Mwaka huu hiyo ni Alhamisi na wewe utakuwa Rombo. Ilipe kabla ya Krismasi. Umeme wa LUKU nunua kabla hujaondoka kama friji inabaki inafanya kazi.

Siku zitakazobaki baada ya Januari ni 13, au 10 kama watakukatalia kugawa. Mwaka 2027 ni mchoyo: Mei Mosi ni Jumamosi, Nanenane Jumapili, Krismasi na Boxing Day yake Jumamosi na Jumapili, na zote hizo hatufidiwi. Lakini kuna dirisha moja zuri sana kwako. Ijumaa Kuu ni Machi 26, Jumatatu ya Pasaka Machi 29, na Karume, Aprili 7, ni Jumatano. Omba likizo kuanzia Jumanne Machi 30 hadi Jumanne Aprili 6, siku 8, na utakuwa nje ya kazi kuanzia Machi 26 mpaka Aprili 7, siku 13 kamili, kwa sababu sikukuu zote 3 zimekaa pembeni. Hiyo ni baada ya mzunguko wako kufungwa Februari, lakini iko ndani ya ile miezi 6, kwa hiyo pata idhini ya maandishi kwamba siku hizo ni za mzunguko wa zamani. Wenzako Waislamu waambie wasifunge tarehe kwa namna hii kwenye Idi. Idi el-Fitri itakuwa karibu na Machi 10, lakini siku yenyewe inasubiri mwezi uandame, kwa hiyo waombe ruhusa yenye nafasi ya siku moja mbele na nyuma, na tiketi wanunue inayobadilishika.

Zile siku chache zitakazosalia usizimalize kwa kuzimaliza tu. Sheria inakupa siku 4 nyingine zenye malipo kwa mtoto akiugua au kwa msiba wa mtu wa karibu kama mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa damu, na likizo ya ugonjwa wako mwenyewe iko mbali na hizi. Lakini mama akiugua tu, bila msiba, zile 4 hazikuhusu, na hapo ndipo siku zako mbili tatu za akiba zitakapokupeleka Rombo.

Imebaki Desemba 9. Ni Jumatano, Sikukuu ya Uhuru. Kukataa ni haki yako, lakini mimi ningeingia, kwa sababu kifungu cha 25 cha sheria ileile ya ajira kinataka anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Hesabu ya sheria ni hii: mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha ugawe kwa saa za kazi za wiki. 780,000 inakupa karibu 180,000 kwa wiki, na kwa wiki ya saa 45 ni kama 4,000 kwa saa. Mara mbili ni 8,000. Ukifanya saa 8 ni 64,000 kabla ya makato. Muulize bosi kabla, na apeleke jina lako na saa zako kwa mhasibu kwa maandishi, ili ziingie kwenye mshahara wa tarehe 22. Akikuambia utapewa siku nyingine ya kupumzika badala yake, mwonyeshe kifungu kwa adabu.

Pesa hiyo sikuiweka kwenye hesabu yoyote hapo juu, kwa makusudi. Itoe taslimu hukuhuku Tabata, Desemba 23. Kule juu, wiki ya Krismasi kila mtu anashuka kwa wakala akiwa na pesa kwenye simu na anataka noti. Noti zinaisha, simu ya wakala inajaa salio, na tawi la benki ambako angebadilisha limefungwa mpaka Jumatatu. Mama asisimame kwenye foleni hiyo. Mpe mkononi, asubuhi ya tarehe 25, mara tu ukifika.